PETE HAM: ALITUNGA "WITHOUT YOU", AKAFA MFUKONI HANA KITU

Wadau, leo siasa naweka pembeni kidogo, tuongee muziki.

Kuna wimbo ambao nina uhakika kila anayesoma hapa ameshausikia. "Without You" wa Mariah Carey, ule wa taratibu ambao DJ akiuweka tu ukumbini watu wanaanza kutafutana wawili wawili. Ulitoka mwaka 1994 na Uingereza ulikaa namba moja wiki nne. Ukimuuliza mtu aliyemzidi umri kidogo shabiki wa Mariah atakwambia hapana bwana, huo ni wa Harry Nilsson, Mmarekani, aliyeshika nao namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1972. Na yeye atakuwa amekosea. Nilsson naye aliurudia tu. Wenye wimbo ni vijana wawili wa Uingereza, Pete Ham na Tom Evans, na wote wawili walikufa kifo kibaya kinachofanana, huku hela za wimbo huo zikigombaniwa na watu wengine.

Leo namtaka huyu Pete Ham. Stori yake inaanzia kwenye bendi moja ya miaka ya sitini ambayo hata Uingereza kwenyewe ukiwauliza watu kumi, tisa watakutolea macho. Bendi inaitwa The Iveys.

Pete alizaliwa tarehe 27 Aprili 1947 Swansea, mji wa bandari kusini mwa Wales. Wakati Beatles wanalipuka yeye ni kijana wa shule, na kama vijana wote wa wakati ule na yeye akashika gitaa. Kikundi chake cha mwanzo kilibadilisha majina wee, mpaka wakajiita The Iveys, jina walilolitoa kwenye mtaa mmoja wa Swansea karibu na stesheni ya treni, Ivey Place. Hebu fikiria bendi ya vijana wa Mwananyamala wajiite jina la kituo cha daladala. Ndiyo hivyo hivyo. Kwenye besi alikuwa Ron Griffiths, gitaa la pili David Jenkins, dramu Mike Gibbins. Bendi kubwa kama The Who, Yardbirds na Moody Blues zikija kupiga Swansea, The Iveys ndio walikuwa wanatangulizwa jukwaani kuchangamsha watu.

Mwaka 1966 akatokea mzee mmoja anaitwa Bill Collins, akawa meneja wao. Huyu mzee alikuwa mpiga muziki wa zamani na alishawahi kupiga bendi moja na baba yake Paul McCartney. Akawachukua vijana akawapeleka London, wakapanga nyumba namba 7 Park Avenue, mtaa wa Golders Green. Wote humo humo, wanakula chungu kimoja, hela ya shoo inaingia kwenye mfuko mmoja. Mzee Collins aliwapa sharti moja ambalo mimi nasema ndilo lililomtengeneza Pete: mkitaka kufika mbali tungeni nyimbo zenu, muache kupiga za wenzenu kila siku. Humo ndani kulikuwa na mashine ya kurekodia, na Pete akawa kama amepewa ugonjwa. Anatunga, anarekodi, anaanza nyingine. Rekodi hizo za nyumbani zingine zilikuja kutolewa baada ya yeye kufa, moja mwaka 1997 kwa jina hilo hilo la "7 Park Avenue", nyingine 1999 inaitwa "Golders Green". Ukizisikiliza unakuta ni jamaa peke yake chumbani na sauti yake, na nyingi zinazizidi zile zilizopakwa mafuta studio.

Mwaka 1967 Jenkins akatoka, akaingia Tom Evans kutoka Liverpool. Shika sana hilo jina.

Sasa dili lilikujaje. Beatles walikuwa wameanzisha kampuni yao wenyewe ya rekodi, Apple (sio hao wa simu, wadau!). Mal Evans, jamaa aliyekuwa anabeba vyombo vya Beatles na kuwasaidia safarini, aliwaona The Iveys wakipiga Marquee Club London mwanzoni mwa 1968 akawapenda. Akawa anapeleka kanda zao kwa mabosi wake, wanasikiliza wanasema bado, anapeleka tena. Hakuchoka. Julai 1968 wakasaini. Jaribu kupata picha, vijana wa Swansea wanaamka asubuhi bosi wao ni Paul McCartney!

Singo yao ya kwanza, "Maybe Tomorrow", ilitungwa na Tom Evans na ilitoka Novemba 1968. Uholanzi ilishika namba moja. Marekani ikaishia namba 67. Nyumbani kwao Uingereza ikadunda kabisa. Albamu ikawa tayari mwaka 1969, halafu Apple wakaitoa Italia, Ujerumani na Japani tu. Uingereza haikutoka, Marekani haikutoka. Ndani ya Apple kulikuwa na vurugu, Beatles wenyewe wanagombana, meneja mpya Allen Klein ameingia na panga la kukata matumizi. Vijana wakabaki wanazubaa. Na hiyo ndiyo career yote ya The Iveys kwa jina hilo: miaka ya kupiga kwenye kumbi, singo chache, albamu moja ambayo mama zao hawakuweza kuinunua duka la mtaani kwao.

Kilichowaokoa ni mdomo wa Ron Griffiths. Aliongea na gazeti moja la muziki katikati ya 1969 akalalamika kwamba Apple wamewatelekeza. McCartney akasoma. Badala ya kukasirika akawapa wimbo wake, "Come and Get It", ambao alikuwa amesharekodi mfano wake peke yake, vyombo vyote kapiga yeye, na akawaambia wafuate vile vile wasiguse kitu. Akawajaribu sauti mmoja mmoja akamchagua Tom Evans aimbe. Wimbo ukaingia kwenye muvi ya The Magic Christian. Kabla haujatoka wakabadilisha jina kuwa Badfinger, Griffiths ambaye alikuwa ameshaoa na ana mtoto akaachia ngazi, na Joey Molland wa Liverpool akaingia. Masikini Griffiths, kelele zake ndizo zilizofungua mlango halafu yeye hakuingia.

Mwanzoni mwa 1970 wimbo ukafika namba 4 Uingereza na namba 7 Marekani. Lakini wengi wakasema hawa ni vivuli tu vya Beatles, wamepewa wimbo. Hapo ndipo Pete alipojibu kwa kalamu. "No Matter What", katunga yeye, namba 5 Uingereza na namba 8 Marekani. "Day After Day", katunga yeye, namba 4 Marekani, prodyuza George Harrison, na lile gitaa la kuteleza unalolisikia ni Pete na Harrison wanapiga pamoja. "Baby Blue", yeye tena, namba 14 Marekani mwaka 1972. Tarehe 1 Agosti 1971 Harrison alipofanya ile konseti ya kuichangia Bangladesh pale New York, kwenye wimbo wa "Here Comes the Sun" alisimama na mtu mmoja tu wa gitaa pembeni yake. Ni Pete Ham. Kijana wa miaka 24.

Na huo "Without You" sasa. Wengi wanadhani ulitungwa kwa pigo moja la mapenzi. Hapana. Pete alikuwa na beti nzuri ila kiitikio chake hakikuwa na nguvu. Tom alikuwa na kiitikio kikali hakina beti za kukibeba. Wakachukua nusu ya huyu na nusu ya yule wakashona. Wakauweka kwenye albamu ya No Dice, Novemba 1970, wala hawakuutoa kama singo Ulaya au Marekani! Ulikaa humo kimya mpaka Nilsson alipousikia kwenye sherehe moja Los Angeles, akadhani ni Beatles. Akautafuta, akaurekodi London 1971. Mwaka uliofuata ukakaa namba moja Marekani wiki nne na Uingereza wiki tano. Mwaka 1973 Pete na Tom wakapewa tuzo ya Ivor Novello, ambayo kwa watunzi wa Uingereza ni heshima kubwa. Tangu hapo umerudiwa na wasanii zaidi ya 180.

Mtu wa kawaida atasema basi huyu alikuwa tajiri. Ngoja.

Mwaka 1970 wakati wanaanza kuitafuta Marekani, walikutanishwa na mfanyabiashara wa New York anaitwa Stan Polley. Mzee Collins alibaki nao, ila mambo yote ya fedha yakaenda kwa Polley. Utaratibu wake ulikuwa hivi: inaundwa kampuni yenye jina la bendi, hela zote za shoo, rekodi na utunzi zinaingia humo, halafu wanamuziki wanalipwa mshahara kama waajiriwa. Aliwaambia ni kwa ajili ya kodi na maisha yao ya baadaye. Vijana wakasaini.

Kuna mahesabu ya kampuni hiyo yaliyokuja kujulikana baadaye, ya kuanzia Desemba 1970 mpaka Oktoba 1971. Someni polepole. Joey Molland alipata dola 8,339. Tom Evans dola 6,861. Mike Gibbins dola 6,211. Pete Ham, mtunzi mkuu, ndiye aliyepata kidogo kuliko wote, dola 5,959. Na Stan Polley? Kamisheni dola 75,744. Piga hesabu mwenyewe, ukiwajumlisha wote wanne hawafiki hata nusu ya meneja. Na huo ndio wakati "No Matter What" inachezwa kila redio.

Mimi nimemaliza form four tu, si mwanasheria, lakini najiuliza hawa vijana walikuwa wanaangalia nini. Jibu ninaloliona ni kwamba walikuwa hawaangalii kitu. Walikuwa barabarani, shoo leo huku kesho kule, wanarudi wanaingia studio, karatasi ikija wanaambiwa weka sahihi hapa. Molland alianza kuhoji mapema. Pete ndiye aliyekuwa anamtetea Polley, kwa sababu alikuwa mtu wa kuamini watu. Wote waliomfahamu wanamwelezea hivyo, mpole, mkarimu, asiyependa ugomvi. Bongo tunao wasanii wangapi wa aina hiyo? Meneja akimnunulia viatu na kumlipia chumba anaona kaokoka, mkataba hajausoma hata ukurasa wa kwanza.

Apple ilipokuwa inakufa, Polley akawapeleka Warner Bros kwa mkataba mnono. Sehemu ya malipo ya awali ilitakiwa ikae kwenye akaunti maalum kama amana, isiguswe. Mwaka 1974 Warner wakaulizia ile hela iko wapi. Majibu yakawa chenga. Desemba 1974 kitengo chao cha haki za nyimbo kikaenda mahakamani.

Waliokuja kuumia ni bendi. Albamu yao ya Wish You Were Here ilikuwa imetoka mwishoni mwa mwaka huo (ndiyo, jina lile lile ambalo Pink Floyd walilitumia mwaka uliofuata), na mimi naiweka juu ya zote walizofanya. Ilikuwa na wiki kama saba tu sokoni, Warner wakasimamisha mauzo yake. Wakarekodi nyingine haraka haraka, Head First, ikakataliwa, ikalala kabatini mpaka mwaka 2000. Ndani ya bendi nako kulikuwa kumechafuka. Pete alijitoa kwa muda mfupi akarudi, halafu Molland akaondoka.

Mwezi wa Aprili 1975 hundi za mshahara hazikuwa na hela. Mrabaha wa Apple nao umekwama kwenye kesi za Beatles. Pete alikuwa amenunua nyumba Woking, nje ya London, anadaiwa mkopo wake. Mwenzake ana mimba kubwa. Wakijaribu kupata shoo bila Polley, watu wanaogopa kuwagusa kwa sababu ya mikataba iliyowafunga. Anampigia Polley simu Marekani, hapokei. Umetunga wimbo ulioshika namba moja pande zote mbili za Atlantiki, na hujui mwezi ujao nyumba utailipiaje.

Tarehe 23 Aprili Pete alipata simu kutoka Marekani kwamba hela zote zimekwenda. Jioni akatoka na Tom Evans wakanywa. Usiku huo, kuamkia tarehe 24 Aprili 1975, akajiua nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 27, zimebaki siku tatu afikishe 28. Aliacha barua kwa mwenzake na mtoto, na ndani yake alimtaja Stan Polley kwa jina. Binti yake alizaliwa kama mwezi mmoja baadaye, hakumuona baba.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Deni au dhuluma ikikukaba usikae nayo peke yako, mwambie mtu, yeyote unayemwamini. Pete hakumwambia mtu usiku ule alikuwa anafikiria nini. Hata Tom waliyekaa meza moja.

Na Tom hakupona na hilo jambo. Alijaribu kurudisha Badfinger na Molland, wakagombana, ikawa Badfinger mbili zinazunguka Marekani kwa wakati mmoja. Halafu ukaja ugomvi wa mrabaha wa "Without You". Wenzake wa zamani pamoja na Bill Collins walikuwa wanadai nao wana sehemu yao kwenye hela ya ule wimbo. Novemba 1983, baada ya kubishana na Molland kwenye simu kuhusu hiyo hiyo hela, Tom naye akajiua. Miaka 36. Wimbo mmoja, watunzi wawili, na wote wameondoka kwa njia moja. Sijui kama kuna mwingine kama huo duniani na sitaki kuujua.

Kuna atakayeuliza Polley alifanywa nini. Kwa mambo ya Badfinger hakufungwa hata siku moja. Mwaka 1991 huko California, kwenye kesi nyingine kabisa ya mtu aliyedai ametapeliwa, hakupinga mashtaka, akapewa miaka mitano ya uangalizi na amri ya kurudisha hela. Alikufa mwaka 2009, mzee mtu mzima.

Mike Gibbins alifariki mwaka 2005. Joey Molland, wa mwisho kati ya wale wanne wa kwenye picha maarufu, alifariki Machi 2025.

Swansea walichelewa lakini walikumbuka. Tarehe 27 Aprili 2013, siku ambayo Pete angetimiza miaka 66, waliweka kibao cha kumbukumbu pale pale Ivey Place, na binti yake alikuwepo kukifunua. Mwaka huo huo mwezi wa Septemba tamthilia ya Breaking Bad ilifunga kipindi chake cha mwisho kwa "Baby Blue", na usiku ule ule watu wakaanza kuutafuta na kuununua kwenye intaneti, wengi wao wakiwa hawajazaliwa Pete alipokufa. Ukaingia hadi kwenye chati za Uingereza, ambako mwaka 1972 haukutolewa kama singo.

Kwa mliopo kafe sasa hivi na mna dakika zimebaki, msianze na Nilsson wala Mariah. Tafuteni "Without You" ya Badfinger wenyewe ya mwaka 1970. Haina makeke. Gitaa liko kavu, kiitikio hakipigi kelele kama cha Mariah, na beti zile anaziimba Pete mwenyewe. Halafu mtafute "Maybe Tomorrow" ya The Iveys mnipe maoni hapo chini, kwa nini Waholanzi waliielewa na Waingereza wakaipita.